Macho ya Samaki wa Hoota

Chini ya Jebel Shams, si mbali na mji wa Al Hamra nchini Oman, kuna pango linaloitwa Hoota. Limepenya mwambani kwa zaidi ya kilomita nne. Tangu mwaka 2006 wageni huingizwa sehemu ya mbele tu, wakatazama mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji. Mvua inapopita kwenye hewa na udongo hubeba kaboni dayoksaidi, ikawa asidi dhaifu, na asidi hiyo ikila chokaa kwa muda mrefu hutoboa mlima. Ndani kabisa mna ziwa la maji matamu lisilofikiwa na jua, na ndani ya ziwa wamo samaki wadogo, weupe wa kuelekea waridi, wasio na macho. Ni wa jamii ya Garra, ile ile ya samaki wanaoogelea kwenye mabwawa ya wadi (mabonde ya mito ya msimu) na mifereji ya milima ya Hajar wakiwa na rangi yao na macho yao mawili.

Kwa nini hawa wa pangoni hawana macho? Swali hili ningelitoa siku ya kwanza ya somo la biolojia, kabla ya kumwandikia mwanafunzi ubaoni neno wanga au neno protini. Nimelipanga hapa kama mjadala wa barazani, katika sabla (ukumbi wa wageni) ya Al Hamra, mbele ya kahawa na tende. Sauti ni nne, na nimezitunga kwa kufuata watu wa aina ninayoijua: mzee anayesimamia zamu za maji ya falaji, yaani mfereji wa mashamba (aliyezaliwa Unguja akarudi Oman ujanani), mwalimu wa biolojia wa skuli ya sekondari, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, na kijana anayejiandaa na mtihani.

MZEE: Mimi sioni fumbo hapo. Samaki kaingia gizani, jicho halina kazi, likafifia. Kitu kisichotumika hufa. Mtu akifungwa plasta mkononi miezi miwili, mkono unatoka mwembamba. Samaki kakaa humo vizazi na vizazi mpaka macho yakaisha. Na aliyeyaondoa ni Mola.

MWALIMU: Kuhusu Mola sina ubishi nawe, mzee wangu. Ninachouliza ni njia iliyopitiwa. Huyo mtu wa plasta akizaa mtoto mwezi ule ule, mtoto atazaliwa na mkono mwembamba?

MZEE: Hazaliwi. Lakini huyo ni mtu mmoja, kizazi kimoja. Mimi nazungumza vizazi vingi.

MUUGUZI: Vizazi tunavyo, Ami. Wanaume wetu wametahiriwa baba kwa mwana kwa karne nyingi, na mpaka leo kila mtoto wa kiume anazaliwa na govi lake. Masikio ya wasichana tunayatoboa tangu enzi za bibi zetu, na hajazaliwa hata mmoja mwenye tundu tayari kwa hereni.

MZEE: Kukata si kuacha kutumia, mwanangu. Unanilinganishia kisu na giza.

Hapo Mzee amejibu vizuri, na jibu lake lina historia. Katika miaka ya 1880 Mjerumani August Weismann aliwakata mikia panya kizazi baada ya kizazi, akapima mikia ya watoto wao, akaikuta haikufupika. Wapinzani wake walimrudishia maneno kama haya ya Mzee: kukatwa ni jambo moja, kutotumika ni jingine. Darwin mwenyewe, mwaka 1859, aliwaeleza wanyama vipofu wa mapangoni kwa hoja ya kutotumia. Kwa hiyo Mzee hajasema jambo la kijinga. Amesema jambo ambalo mabingwa walilisema, na ndiyo maana linastahili kupimwa badala ya kuchekwa.

Kilichodumu kutoka kwa Weismann ni swali la njia. Yai na mbegu ya kiume hutokana na seli zilizojitenga mapema na kazi za kila siku za mwili. Maagizo yanayorithiwa yamo katika DNA ya seli hizo. Jicho linaponyong'onyea kichwani, habari zake zitalifikiaje yai? Anayesema kutotumia ndiko kulikoondoa macho anadaiwa njia hiyo.

KIJANA: Mimi nimesoma kwamba watoto wa samaki wa Hoota wanatoka mayaini wakiwa na vijicho vidogo, halafu wanavyokua nyama inavifunika.

MZEE: Mmesikia? Wanazaliwa nayo, giza linayaua. Mjukuu wangu kanisaidia.

MWALIMU: Kakusaidia kuisema dhana yako vizuri zaidi, kwa sababu sasa inapimika. Kama giza ndilo linaloua jicho katika maisha ya samaki mmoja, basi ukimlea kwenye mwanga tangu yai, jicho libaki. Si ndivyo?

MZEE: Ndivyo.

MWALIMU: Mexico wako samaki vipofu wa mapangoni waitwao Astyanax, na ndugu zao wenye macho wanaishi mitoni. Hao vipofu wanafugwa kwenye matangi ya vioo, majumbani na maabara, chini ya taa, na wanazaliana humo. Watoto wao ni vipofu vile vile. Mwanga hauwarudishii jicho.

MZEE: Basi jicho lao lilishakufa zamani, halimo tena mwilini.

MWALIMU: Hata hilo limepimwa. Mwaka 2000 Yoshiyuki Yamamoto na William Jeffery walichukua lenzi kutoka kwa kiinitete cha samaki wa mtoni, wakaipandikiza upande mmoja wa kiinitete cha samaki kipofu. Upande ule jicho likakua. Upande wa pili hawakuugusa, na huko jicho likapotea kama kawaida.

KIJANA: Kwa nini wasipandikize pande zote mbili?

MWALIMU: Wangejuaje basi kwamba ni lenzi iliyofanya kazi? Labda maji ya tangi lile, labda chakula, labda kiinitete kile kilikuwa cha ajabu. Pande mbili za samaki mmoja zimekunywa maji yale yale na zimerithi DNA ile ile. Tofauti iliyobaki ni lenzi.

Ningependa kila mwanafunzi akae na upande ule usioguswa kwa muda mrefu kuliko anavyokaa na orodha za majina. Ndio unaoligeuza tukio kuwa ushahidi. Bila wa kulinganisha naye, samaki aliyeota jicho ni kisa cha kusimulia tu.

MZEE: Hebu ngoja. Unaniambia samaki kipofu anazo nyama za kujenga jicho, anakosa lenzi tu?

MWALIMU: Anakosa ishara. Seli za lenzi hutoa kemikali zinazoziambia seli za jirani zikue, zijipange. Katika kiinitete cha yule kipofu, seli za lenzi zinakufa mapema. Ishara ikikatika, jirani nao wanasimama, na mwisho ngozi inafunika.

Sasa kemia imeingia, na imeingia kwa sababu Mzee ameihitaji. Somo la biolojia mara nyingi linafunguliwa na kemia ya uhai kabla mwanafunzi hajaulizwa lolote: kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni; wanga, mafuta, protini, asidi za viini. Kijana anazikariri, anafaulu, anazisahau. Protini ni mlolongo wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo ndilo linaloamua kazi: nyingine ni kimeng'enya kinachoharakisha badiliko la kemikali, nyingine ni pampu iliyopachikwa kwenye utando wa seli, nyingine ni ishara. DNA ndiyo inayoamuru asidi amino zipangwe vipi. Maneno haya yanakaa akilini yanapojibu swali la mtu aliyekwisha kubisha.

MUUGUZI: Ami, lile neno lako kwamba gizani jicho halina kazi, mimi silikubali. Tulifundishwa kinyume chake. Seli zinazopokea mwanga ndani ya jicho hufanya kazi kubwa zaidi gizani.

MZEE: Kazi gani, na hakuna cha kuona?

MUUGUZI: Gizani vitundu kwenye utando wake viko wazi, na sodiamu inaingia bila kukoma. Seli haiwezi kuiacha ijae, kwa hiyo pampu zake za protini zinaitoa nje usiku na mchana, na kila mzunguko wa pampu unakula ATP, ile kemikali ambayo seli inalipia kazi zake zote. Mwanga unapopiga, vitundu vinafungwa na gharama inapungua. Samaki mwenye macho kwenye pango la Hoota angekuwa analipa gharama ya juu kabisa kwa kuona weusi mtupu.

MWALIMU: Na gharama yenyewe imepimwa kwa samaki wa Mexico. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walipima oksijeni inayotumiwa na macho pamoja na sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona. Kwa samaki mdogo wa gramu moja, kuona kunachukua kama asilimia 15 ya nishati anayotumia akiwa ametulia. Kwa mkubwa wa gramu nane na nusu ni kama asilimia 5.

MZEE: Basi imekwisha. Samaki kaona gharama, kaacha.

MWALIMU: Samaki hakuona wala hakuacha, mzee wangu. DNA hunakiliwa kila seli inapogawanyika, na mara chache hutokea kosa la kunakili. Mtoni, mtoto aliyepata kosa linaloharibu jicho anakosa chakula au analiwa, na kosa lake linakufa naye. Pangoni kosa lile lile halimdhuru. Pengine linampa nafuu, ile asilimia 15. Basi anazaa, na watoto wanalirithi.

KIJANA: Lakini Mwalimu, hayo ni mawili. La kwanza, kosa halina madhara, kwa hiyo linaenea kwa bahati tu. La pili, linaleta faida, kwa hiyo linaenea kwa nguvu. Na Hoota kuna popo, na mafuriko ya wadi yanaingiza takataka. Kama chakula kipo, ile nafuu si kubwa sana.

MWALIMU: Hapo umefikiri. Na la tatu lipo: jeni moja huwa na kazi zaidi ya moja, kwa hiyo badiliko linalomsaidia samaki kunusa au kuonja zaidi linaweza kuharibu jicho njiani. Kipimo cha gharama kinasema kwamba kupoteza jicho kungefaa. Hakisemi kwamba ndivyo lilivyopotea.

Muuguzi alikuwa na jambo ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote katika mazungumzo haya. Alitaka waache macho wazungumze rangi.

MUUGUZI: Nyinyi mnashangaa samaki mweupe. Mimi Dar es Salaam nimewahudumia vijana wenye ualbino, ngozi zimechomwa na jua mpaka saratani. Tanzania ni katika nchi zenye watu wengi wa hali hiyo. Dar es Salaam ilikadiriwa katika miaka ya 1980 kuwa na kama mmoja kwa kila watu 1,400. Rangi ya ngozi ni melanini. Mwili unaitengeneza kutokana na asidi amino iitwayo tairosini, hatua kwa hatua, kwa kusukumwa na vimeng'enya. Jeni mojawapo inayohitajika inaitwa OCA2. Watanzania wengi wenye ualbino wamerithi nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama, zote zimekatika kipande kile kile.

MWALIMU: Na mwaka 2006 watafiti waliowachunguza samaki weupe wa mapango mawili ya Mexico waliikuta jeni hiyo hiyo, OCA2, imeharibika. Katika kila pango imeharibika kwa namna yake.

MZEE: Jeni ya samaki na ya mtu ni moja?

MWALIMU: Asili ni moja, na kazi ni moja. Ndiyo maana jina ni moja.

KIJANA: Basi hata wa Hoota ni OCA2!

MZEE: Taratibu, mjukuu wangu. Maji yakipungua shambani kwangu, mimi sisemi tu kwamba ufa uko mahali pale pale ulipokuwa mwaka jana. Nafuata mfereji kutoka juu, kipande kwa kipande, napima maji yanapoingia na yanapotoka. Shamba linakauka vile vile, ufa uwe kwenye chanzo au kwenye mgawanyo wa mwisho.

Sijawahi kusikia mwalimu akiueleza mfululizo wa kikemikali vizuri zaidi ya hivyo. Melanini ikikosekana, tunajua tu kwamba mahali fulani kati ya tairosini na rangi pamekatika. Weupe ni ule ule, uharibifu uwe wapi. Kwa nje samaki wa Hoota, samaki wa Mexico, samaki Phreatichthys wa mashimo ya maji ya Somalia na samaki Caecobarbus wa mapango ya Kongo karibu na Mbanza-Ngungu wanafanana kwa weupe na upofu. Wa Somalia na wa Kongo ni wa ukoo mmoja mpana na huyu wa Hoota. Wa Mexico yuko mbali kabisa. Kufanana kwao hakutuambii nani amekatikiwa wapi.

KIJANA: Tutajuaje basi bila mashine za kusoma DNA?

MWALIMU: Kwa kuwaoanisha. Mwaka 2008 Richard Borowsky aliwaoanisha samaki vipofu wa mapango tofauti ya Mexico. Baba kipofu, mama kipofu, na baadhi ya watoto wakaona.

MZEE: Subhanallah.

MWALIMU: Baba alikuwa ameharibikiwa baadhi ya jeni, mama nyingine. Mtoto akapata kutoka kwa kila mmoja zile nzima zilizokosekana kwa mwenzake. Wangekuwa wameharibikiwa jeni zile zile, asingeona hata mmoja.

MUUGUZI: Na kwa watu ni hivyo hivyo. Mume na mke wote wana ualbino, lakini wa aina mbili tofauti, wanaweza kuzaa mtoto mweusi kama baba yangu. Na wazazi wawili weusi, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu bila kujua, wanapata mtoto mwenye ualbino, na uwezekano ni mmoja kati ya wanne kwa kila mimba. Ami, mimi nimekaa na mama aliyefukuzwa nyumbani kwa mtoto kama huyo. Aliambiwa amezini na mzungu. Aliambiwa ni laana. Mume alibeba nusu ya sababu mwilini mwake na hakuna aliyemuuliza kitu.

Watu wenye ualbino wameuawa Tanzania, na viungo vyao vimeuzwa, kwa sababu ya dai kwamba vinaleta utajiri. Dai hilo halikuwahi kuwekwa mahali linapoweza kushindwa. Mganga akitoa dawa na utajiri usije, husema masharti hayakutimizwa. Ukija, husema dawa imefanya kazi. Jibu liko tayari kwa kila tokeo. Lile la laana nalo ni hivyo hivyo. Dai la mmoja kati ya wanne lina hatari ya kushindwa: hesabu familia nyingi, na kama haliko karibu na robo, limeanguka. Ninaposema biolojia ya mwanzo ifundishwe kwa maswali ya namna hii, nawafikiria akina mama wale kabla ya mtihani wa taifa.

MZEE: Haya, turudi kwangu. Hao wa Mexico wamepimwa. Hawa wetu je?

MWALIMU: DNA yao imesomwa kwa sehemu. Mwaka 2011 watafiti wa Vienna walichapisha ulinganisho wa Garra wa pangoni na wa nje hapa Oman, na wa pangoni wakakutwa katika kundi moja la kinasaba na wenzao wa nje walio jirani na pango. Lakini siwezi kuchukua lenzi ya Mexico na OCA2 ya Mexico nikaja kuzibandika Hoota.

KIJANA: Tukawachukue wachache, tuwafuge skuli.

MZEE: Hapana. Wale hawana ziwa jingine la kukimbilia. Pangoni hamtoi hata mmoja.

MWALIMU: Namuunga mkono. Na dhana ya Mzee inaweza kupimwa kwa samaki wa nje, ambao wapo tele, tukipata ruhusa. Tuwapate wanaotaga. Mayai tuyagawe kwa kura, nusu kwenye tangi la gizani, nusu kwenye tangi la mwanga.

MUUGUZI: Maji yatoke mahali pamoja. Chakula kimoja, joto moja. La sivyo wakipofuka mtasema giza, kumbe njaa.

KIJANA: Na kwa nini kura?

MUUGUZI: Kwa sababu mkono wako utakuchagulia mayai mazuri bila wewe kujua.

MZEE: Kizazi kimoja kitatosha?

MWALIMU: Kitatosha kwa swali moja: kama giza, katika maisha ya samaki mmoja, linafuta jicho. Kwa lile la vizazi vingi hakitoshi, na sitadai kwamba kimetosha.

MZEE: Basi andika, mjukuu wangu, na tarehe uiweke, kabla hata tangi halijanunuliwa. Wakikua gizani na macho yao, naacha maneno yangu kwamba giza linaua jicho. Wakipofuka wale na wenzao wa mwangani wasipofuke, Mwalimu anaacha yake.

MWALIMU: Nitaacha, tukirudia mara ya pili na matangi tukiyabadilishana nafasi.

MZEE: Rudieni. Na wakishapimwa warudishwe kwenye maji waliyotoka, wa gizani na wa mwangani.